Gia za mkono au otomatiki kwa njia za Kuresoi na Olenguruone?

DaktariWaMifugo_Molo

Wanajukwaa, hamjambo. Ninaomba ushauri wenu kabla sijalipa pesa za gari la kazi.

Mimi ni daktari wa mifugo, na ninawahudumia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kuanzia Molo hadi Kuresoi na Olenguruone, kaunti ya Nakuru, Kenya. Hadi sasa nimekuwa nikitumia pikipiki, lakini mzigo umeizidi: kuna mtungi wa naitrojeni wenye mbegu za kupandishia, ambao lazima usimame wima wakati wote, kuna friji ndogo ya chanjo inayotumia umeme wa gari, na kuna vifaa vya upasuaji ambavyo mvua haipaswi kuvigusa. Barabara ya lami si tatizo langu. Tatizo ni vile vijia vya kuingia mashambani, ambako udongo mwekundu ukilowa huwa kama umepakwa sabuni, ambako mteremko mkali huishia kwenye kidaraja cha magogo kisicho na ukingo, na ambako matrekta ya viazi huacha mifereji inayoweza kulilaza gari la chini kwa tumbo lake. Mvua zetu, kama mnavyojua, hazingoji masika peke yake. Julai na Agosti huku juu kunanyesha.

Nimebakiwa na magari matatu akilini. La kwanza ni Toyota Land Cruiser Prado la dizeli, lita 2.8, la mwaka 2017, lililoletwa kutoka Japani likiwa limetumika, nalo ni la otomatiki yenye gia sita. La pili ni Toyota Hilux la kabini mbili, la dizeli, lenye gia za mkono. La tatu ni Suzuki Jimny, ambalo ningeweza kulipata la aina yoyote kati ya hizo mbili. Wenzangu wa zamani wananiambia kwamba mtu anayekwenda porini na otomatiki anajitafutia shida. Wengine wanasema hayo ni mambo ya zamani.

Jambo moja zaidi: msaidizi wangu, dada mwenye bidii sana ambaye huenda peke yake siku ninapokuwa na upasuaji, ana leseni ya daraja la B1, yaani ya magari madogo ya otomatiki pekee. Mngenishauri nini?

FundiGiaBoksi_Nakuru

Daktari, salamu kutoka Nakuru. Kazi yangu ya kila siku ni kufungua gia boksi, za mkono na za otomatiki, kwa hiyo nitajibu nikianzia pale ambapo watu wengi hawaanzii.

Kabla ya kuuliza kama gia ni za mkono au za otomatiki, uliza kama gari lina transfa (boksi linalogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma) yenye gia nzito, ile inayoandikwa 4L, au L4 kwenye Prado. Hiyo ndiyo inayoligeuza gari kuwa la kazi unayoieleza. Magari yako yote matatu yanayo, na hilo linanifurahisha, kwa sababu wanaonijia wakiwa na kilio kutoka upande wa Molo na Mau Narok mara nyingi ni wenye magari marefu ya familia yanayovuta kwa matairi manne lakini hayana 4L, na ambayo otomatiki yake ni ya CVT. CVT haina gia zilizopangwa kwa ngazi. Ina mkanda au mnyororo wa chuma unaopita kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Kwenye lami ni tulivu na haili mafuta mengi. Lakini ukiipandisha mlima mrefu polepole huku matairi yakiteleza, oili yake hupata joto kali, na kompyuta ya gari hupunguza nguvu ya injini ili kuikinga gia boksi isiharibike. Unajikuta katikati ya mlima na gari lisilokubali kupanda ilhali halina ubovu. Kwa hiyo mtu akisema otomatiki haifai njia mbaya, kwanza ajue anazungumzia otomatiki ipi. Ya Prado si CVT. Ni ya gia sita zenye meno, na kati yake na injini kuna toki konveta, chombo kinachopitisha nguvu kwa njia ya oili.

Sasa tuje kwenye tofauti yenyewe. Nitatumia Jimny lililotoka mwaka 2018 kwa sababu hesabu zake ni rahisi kufuata. Lile la gia za mkono lina uwiano wa 4.425 kwenye gia ya kwanza, transfa yake ikiwa 4L ni 2.002, na difu, yaani gia za mwisho kabla ya matairi, ni 4.090. Ukizidisha unapata takribani 36, maana yake injini huzunguka mara 36 ili tairi lizunguke mara moja. La otomatiki lina 2.875 kwenye gia ya kwanza, transfa ile ile, na difu ya 4.300, jibu ni takribani 25. Mtu akiziona namba hizo husema mara moja kwamba la mkono limeshinda. Lakini kwenye kupanda, toki konveta yenyewe huongeza nguvu ya kuzungusha gari linapoanza kuondoka, na katika magari mengi huweza kuikaribia mara mbili ya ile inayotoka kwenye injini. Pengo hilo linazibwa. Kwenye kushuka halizibwi. Unapoondoa mguu kwenye mafuta, oili ndani ya toki konveta haiishiki injini na matairi kwa ukali ule ule wa klachi iliyoachiliwa, na gari la otomatiki huelekea kukimbilia mbele kidogo kuliko la mkono.

Daktari, kwa maelezo yako, miteremko ndiyo itakayokujaribu kuliko milima ya kupanda. Hapo gia za mkono zina ubora wa kweli, wala sitauficha. Lakini Prado la lita 2.8 lina injini nzito ya dizeli na gia ya kwanza fupi, na ukiliweka L4, ukafunga difu ya katikati (ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), kisha ukasukuma mkono wa gia upande wa S na kuchagua gia ya kwanza mwenyewe, linashuka taratibu kiasi cha kutosha kwa dereva mwenye subira, huku breki ikiguswa tu. Kinachowaponza madereva wengi wa otomatiki ni kushuka wakiwa kwenye D, ya mwendo wa mbele wa kawaida, na H4, yaani bila ile gia nzito, mguu ukiwa juu ya breki mwanzo hadi mwisho. Kwenye udongo uliolowa tairi hufunga, na tairi lililofunga haligeuzi gari.

Kano_Mashambani

Ndugu Daktari, mimi niko Kisumu, na kazi yangu hunipeleka kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero na vijiji vya Nyando. Kwetu hakuna miteremko ya kutisha. Kwetu kuna udongo mweusi, na mtu asiyeujua anaweza kudhani ni tope la kawaida hadi aone matairi yamegeuka mapipa ya tope yasiyoonyesha meno hata moja.

Katika udongo wa aina hiyo, ninachokitaka ni mwendo usiokatika. Nimeendesha gari la mradi la gia za mkono na nimeendesha la otomatiki katika njia hizo hizo, na ninasema kwa moyo wote kwamba la otomatiki lina faida. Ukiwa na gia za mkono, ukiingia kwenye tope na gia uliyoichagua ikawa kubwa mno, inabidi ukanyage klachi ili ushuke gia moja. Kwa muda huo mfupi injini haivuti, tope linalishika gari, na mwendo wote uliokuwa nao umekwisha. Unapoachilia klachi unaanzia sifuri ukiwa umezama. Otomatiki hubadilisha gia bila kuachia nguvu, na mkono wako wote unabaki kwenye usukani, mahali unapohitajika.

Niongeze kuhusu klachi yenyewe. Gari likikwama, dereva wa gia za mkono hujaribu kulitoa kwa kuikanyaga klachi nusu huku akiongeza mafuta, mbele, rivasi, mbele, rivasi. Harufu ile inayopanda kutoka chini ya sakafu, kali, kama breki zilizoungua lakini yenye uchungu zaidi puani, ndiyo klachi pleti inayokwisha. Otomatiki nayo hupata joto ukifanya hivyo, lakini hukuonya kwa taa, na ukilipumzisha huku injini ikinguruma kwenye N, yaani gia ikiwa huru, oili hupoa. Klachi iliyoungua haiponi kwa kupumzishwa.

Kwa mtungi wako wa naitrojeni pia ningependa otomatiki. Gari halishtuki linapoondoka, na mtungi haupigwi kumbo.

Kuhusu leseni sitasema mengi. Msaidizi mwenye B1 akiendesha gari la gia za mkono anavunja sheria, na ajali ikitokea bima inaweza kukukana. Kwa upande wangu jambo hilo peke yake lingetosha kuliondoa Hilux kwenye orodha, isipokuwa uko tayari kumgharimia afanye mtihani wa B2, leseni inayoruhusu gia za mkono.

MzeeWaKopsiro

Daktari mwanangu, nimeendesha magari ya shule na ya kanisa kwenye miinuko ya Mlima Elgon kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na karibu yote yalikuwa ya gia za mkono. Ninamheshimu fundi na ninamheshimu ndugu wa Kano, lakini nisikilizeni na mimi.

Gari la gia za mkono humfundisha dereva. Linampa taarifa. Ukiwa kwenye gia ya kwanza ya 4L na klachi umeiachilia kabisa, miguu yako yote miwili iko sakafuni na gari linashuka lenyewe, unasikia injini inavyoshika, unasikia tairi la nyuma linapoanza kuponyoka, na ukilisikia unaongeza mafuta kidogo, kidogo sana, ili tairi lirudi kwenye mwendo wa ardhi. Hakuna haja ya breki. Sharti ni moja tu, na vijana wengi hulisahau: kwenye mteremko mguu usiguse klachi. Ukiikanyaga umeliachia gari litelemke bure.

Na ukikwama kwenye mlima, injini ikazimika? Unakanyaga breki, unaweka rivasi ukiwa ungali 4L, unaondoa mguu kwenye klachi, unageuza ufunguo, na gari linarudi nyuma polepole likishikwa na injini tangu mzunguko wa kwanza. Nimewafundisha madereva wengi njia hiyo, na wamerudi nyumbani salama. Ingawa nasikia magari mengi ya siku hizi hayakubali kuwaka mpaka klachi ikanyagwe, jambo ambalo kwangu si maendeleo.

Halafu kuna betri. Una friji ya chanjo kwenye gari. Siku friji hiyo itakapomaliza betri usiku huko Olenguruone, gari la gia za mkono utalisukuma na vijana wawili na litawaka. La otomatiki halisukumiki likawaka hata ukiita kijiji kizima. Kwa hiyo mimi ningechukua Hilux, na dada yetu ningemfundisha mwenyewe kwa subira hadi apate B2. Si kazi ngumu kwa mtu mwenye bidii.

DaktariWaMifugo_Molo

Ninawashukuru nyote, na mzee wangu asante sana kwa maelezo ya rivasi, ambayo sikuwahi kuyasikia kwa mpangilio huo. Jambo la betri limenigusa, maana chanjo zikipata joto ni hasara ya wafugaji wala si yangu peke yangu. Fundi, je, ni kweli kwamba Hilux la dizeli la siku hizi litawaka kwa kusukumwa? Na nitaijuaje otomatiki iliyochoka kabla ya kuinunua? Jimny nimeliondoa, nimepima na mtungi pamoja na friji haviingii vizuri bila kutoa viti vya nyuma.

FundiGiaBoksi_Nakuru

Umefanya vyema kuliondoa, na si kwa sababu ya nafasi tu. Molo iko takribani mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, kile chombo kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Jimny la lita 1.5 lisilo na tabo huwa limeachia karibu robo ya nguvu yake kabla hata hujaweka mzigo. Dizeli zenye tabo haziumii kiasi hicho.

Kuhusu kusukuma, mzee amesema kweli kwa magari aliyoyaendesha. Dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida ziliwaka kwa kusukumwa hata betri ikiwa dhaifu sana. Dizeli za sasa hupulizia mafuta kwa amri ya kompyuta, na kompyuta isipopata umeme hakuna mafuta yanayoingia. Betri ikiwa imebakiza uhai kidogo Hilux litawaka. Ikiwa imekufa kabisa mtasukuma hadi mchoke. Kwa hiyo tatizo la friji halimalizwi na aina ya gia. Linamalizwa na betri ya pili ya friji peke yake, iliyotenganishwa na ile ya stata, na waya za kuazima umeme ziwe chini ya kiti daima.

Kuijua otomatiki iliyochoka, nenda asubuhi injini ikiwa baridi, na usikubali muuzaji aiwashe kabla hujafika. Shikilia breki, toa kwenye P (ya kuegesha) uingize R (rivasi), kisha D. Gari linapaswa kushika ndani ya sekunde moja au mbili, bila kishindo. Likichelewa, au likipiga kama mtu amegonga chasisi kwa nyundo, ondoka. Kisha oili. Prado hilo halina kijiti cha kuipimia, kwa hiyo lazima lipandishwe juu na plagi ifunguliwe. Oili nzuri ni nyekundu na haina harufu ya kuungua. Ikiwa kahawia na inanuka moshi, ilikwisha pikwa. Ikiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa sharubati, maji yameingia, ama kutoka kwenye rejeta au mtoni, na gia boksi hiyo haina maisha. Watu huambiwa kwamba oili hiyo ni ya maisha yote ya gari. Kwa kazi yako mimi ningeibadilisha kila kilomita 50,000, na ningekagua mapema zaidi kila gari linapopita maji ya kina.

Usisahau L4. Magari mengi yaliyotoka mijini huko Japani hayajawahi kuitumia, na injini ndogo ya umeme inayoisukuma transfa huwa imeganda. Simama kabisa, weka N, zungusha kitufe, subiri taa iache kumeta, kisha utembee kwenye udongo, si kwenye lami. Taa ikimeta bila kutulia, hilo ni dai la kupunguziwa bei au la kuachana nalo.

Onyo la mwisho ni la kuvutwa. Likiharibika, usiruhusu trekta ilivute kwa kilomita nyingi matairi yakiwa chini na gia boksi ikizunguka bila injini kuwaka, kwa sababu pampu ya oili huzungushwa na injini, na bila oili gia husagana zikiwa kavu. Toa tu kwenye tope, umbali mfupi, kisha ita lori la kulibeba.

MzeeWaKopsiro

Fundi, nimekuelewa kuhusu kompyuta na mafuta, na hoja ya kusukuma naiondoa. Ya miteremko siiondoi. Daktari, ukilichukua la otomatiki, mpeleke dada huyo mahali penye mteremko mfupi na salama, ashuke kwa L4 na gia ya kwanza mara nyingi, kwanza pakiwa pakavu kisha baada ya mvua, kabla hujamtuma peke yake. Na matairi mliyoyasahau nyote: matairi ya lami kwenye udongo wa Kuresoi yatamwangusha hata dereva bora, gia ziwe zozote.

Kano_Mashambani

Naunga mkono la matairi. Yawe ya meno ya wastani, yanayofaa lami na udongo, kwa sababu yale ya tope tupu yatakuchosha kwenye barabara kuu. Na pampu ndogo ya upepo iwemo garini, ili uweze kuyapunguza upepo ukiingia kwenye tope na kuyajaza ukirudi lamini.

DaktariWaMifugo_Molo

Nimeamua kulifuata Prado, kwa masharti ya fundi. Kilichonielekeza zaidi ni kwamba watakaoliendesha ni wawili, na mmoja wao ndiye atakayekuwa peke yake mara nyingi zaidi kwenye njia mbaya. Mzee wangu, mteremko wa mafunzo upo nyuma ya zizi la mfugaji mmoja ninayemfahamu, ni mfupi na chini kuna uwanda wa majani. Nitaanza naye huko mvua zikiwa hazijakolea. Betri ya pili nitaifunga kabla friji haijaingia garini.

Fundi, muuzaji amekubali ukaguzi Alhamisi hapo Nakuru. Nimemwambia gari lisiwashwe hadi tufike.

FundiGiaBoksi_Nakuru

Njoo saa moja na nusu asubuhi. Nitaweka mkono juu ya boneti kwanza. Likiwa na joto tutaahirisha hadi siku nyingine.